Programu za kupanga diski: Mnunuzi atazame mashine kabla ya kufungua pochi

MFANYABIASHARA mdogo anayeweka hesabu zake kwenye kompyuta ya nyumbani hufikia siku ambayo mashine inakuwa nzito. Akiiwasha asubuhi, anaweza kuchemsha chai na kuinywa kabla daftari la wadeni halijafunguka. Akiuliza sababu, huambiwa kwamba diski yake imevurugika, mafaili yametawanyika vipande vipande, na dawa ni kununua programu ya kupanga diski, kazi ambayo mafundi wa mjini huiita "difragi".

Anayemwambia hivyo mara nyingi ana kitu cha kuuza. Huenda ni fundi mwenye leseni mkononi, au ni tangazo lililojitokeza lenyewe kwenye skrini na kudai kwamba limekwisha kuipima mashine na kukuta makosa mamia kadhaa. Mnunuzi, ambaye hawezi kubishana na jambo asilolijua, hutoa fedha.

Ni vyema ikaeleweka mapema kwamba ugonjwa huo upo na si uzushi. Kinachobishaniwa ni dawa na bei yake. Kwa wengi wenye kompyuta ya nyumbani inayotumia Windows, programu hiyo tayari wanayo, kwa sababu ilikuja ndani ya mashine. Na kwa wale ambao mashine zao zina diski za aina mpya, ni kitu wasichokihitaji kabisa. Fedha inayotolewa kwa ajili hiyo ina kazi nyingine ya maana zaidi, na kazi hiyo ikiachwa, hasara yake inaweza kuwa ya biashara nzima.

Magunia yaliyotawanyika

Diski ya aina ya zamani ni sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachokwenda mbele na kurudi nyuma. Faili likiandikwa kwenye diski iliyo tupu, hukaa mahali pamoja. Diski ikianza kujaa, mafaili mengine yakafutwa na mengine yakaongezwa, faili jipya hukatwakatwa na kuingizwa kwenye mapengo yaliyobaki. Ni sawa na ghala la nafaka ambamo magunia ya mteja mmoja yamewekwa kila pembe. Hakuna gunia lililopotea, lakini mpagazi hutembea sana kabla ya kuyakusanya.

Hesabu yake si ngumu. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8 na kidogo, na kwa wastani kichwa hungoja nusu ya mzunguko, ambayo ni milisekunde 4. Ukijumlisha na muda wa kichwa kusogea, ambao kwa diski hizo ni kama milisekunde 9, kila kipande kinagharimu takriban milisekunde 13 kabla hakijaanza kusomwa.

Faili la MB 100 lililokaa mahali pamoja, katika diski inayosoma MB 100 kwa sekunde, husomwa kwa sekunde moja. Faili hilo hilo likiwa vipande 1,000, huongezeka sekunde 13 za kutafuta tu. Hapo fundi anayesema diski imevurugika anasema kweli, na diski hiyo ikipangwa mwenye mashine ataona nafuu.

Lakini tuseme kuna filamu ya MB 640 iliyokatwa vipande 10 vya MB 64 kila kimoja. Kutafuta vipande vyote 10 ni milisekunde 130 tu, na anayetazama filamu hawezi kutambua lolote. Ndiyo maana tangu Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, programu iliyomo ndani yake haihesabu vipande vikubwa vya kuanzia MB 64 kuwa ni vurugu. Programu inayohesabu kila kipande itaonyesha asilimia kubwa na rangi nyekundu kwenye mashine hiyo hiyo, na mnunuzi atadhani ile ya bure imeshindwa kuona alichokiona muuzaji. Kumbe tofauti iko kwenye namna ya kuhesabu.

Bidhaa iliyoingizwa ndani ya bei

Kuna wakati ambapo kununua programu hizi lilikuwa jambo la busara. Kampuni ya Executive Software ya Marekani ilianza kuuza Diskeeper mwaka 1986 kwa ajili ya kompyuta kubwa za VAX. Mwaka uliofuata Peter Norton Computing iliiweka Speed Disk ndani ya toleo la juu la Norton Utilities kwa ajili ya kompyuta ndogo. Wakati huo aliyekuwa na diski ndogo iliyojaa, na mashine ambayo haikuja na chombo chochote cha kuipanga, alinunua kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1993. Microsoft ilipotoa MS-DOS 6.0 iliweka ndani yake programu ya kupanga diski iliyopatikana kwa mkataba kutoka Symantec, kampuni iliyokuwa imeinunua Peter Norton Computing mwaka 1990. Windows 95 nayo ilikuja na programu ya aina hiyo. Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 haikuwa nayo, hivyo wauzaji wakapata soko jingine, lakini Windows 2000 ikaja na programu iliyotokana na Diskeeper yenyewe. Ilipofika mwaka 2007, Windows Vista ilianza kuifanya kazi hiyo kwa ratiba ya kila wiki bila mwenye mashine kubonyeza chochote.

Hivyo basi, kila hatua kilichokuwa kikiuzwa dukani kiliingizwa ndani ya bei ya mashine. Aliyenunua kompyuta yenye Windows tangu mwaka huo ameshailipia programu ya kupanga diski, apende asipende. Anaponunua nyingine analipa mara mbili.

Watetezi wa programu za kulipia husema kwamba zao hufanya kazi kwa ustadi zaidi. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, lakini inafaa ipimwe. Tangu Windows NT 4.0, Windows yenyewe ina huduma ya kuhamisha vipande vya mafaili kwa usalama, na programu za kupanga diski zinazofahamika hupitia huduma hiyo hiyo. Zote husukuma mkokoteni mmoja. Zinachotofautiana ni uamuzi wa kipande kipi kikae wapi, ratiba ya kazi, na uzuri wa picha inayoonyeshwa kwenye skrini.

Kwa kampuni yenye seva nyingi zinazofanya kazi usiku na mchana, tofauti hizo zinaweza kurudisha gharama yake, na mwenye kampuni hiyo ana haki ya kukaa na wataalamu wake akapiga hesabu. Kwa mwenye kompyuta moja ya nyumbani inayofungua daftari la mauzo, barua na picha za harusi, ni vigumu kuona faida hiyo itatoka wapi. Hata anayetaka chombo cha ziada hana sababu ya kulipa. Defraggler ya Piriform humwezesha kupanga faili moja moja bila malipo, na Contig, moja ya programu za Sysinternals zinazotolewa bure na Microsoft, hufanya hivyo kwa wasioogopa kuandika amri.

Diski isiyozunguka

Hoja yote ya hapo juu inahusu diski za kuzunguka. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa miaka ya karibuni zina SSD, ambayo haina sahani wala kichwa. Kila kitu kiko kwenye chipu, na kufikia kipande chochote huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde au pungufu. Kwa kifupi, katika ghala hili mpagazi hatembei. Magunia yawe pembe moja au pembe nne, hufika mlangoni karibu wakati mmoja.

Aidha, chipu hizo zina kikomo cha kuandikwa, na watengenezaji hukitaja kwenye maelezo ya bidhaa. Kingston A400 ya GB 240, kwa mfano, imewekewa kiwango cha TB 80 za kuandika. Kuipanga mara moja hakutaiua, na wanaotisha watu hivyo wanatia chumvi. Hata hivyo kila kupanga ni kuandika upya, na kuandika upya kusikoleta nafuu ni matumizi yasiyo na marejesho. Mfanyabiashara hahitaji kufundishwa maana ya maneno hayo.

Windows inalijua jambo hili. Windows 7 iliacha kuzipanga SSD katika ratiba yake, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kazi ya kila wiki kwa SSD imekuwa ni kuiarifu diski sehemu zipi hazitumiki tena, ili izisafishe yenyewe. Kwa hiyo anayeuziwa leseni ya kupanga diski kwa ajili ya kompyuta yenye SSD ameuziwa mwavuli wa kutumia ndani ya nyumba.

Kujua diski ni ya aina gani hakuhitaji fundi. Mwenye mashine aandike neno dfrgui kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, abonyeze, na orodha ya diski zake itafunguka. Mbele ya kila diski pameandikwa aina yake, siku ilipopangwa mara ya mwisho na hali yake. Uchunguzi huo ni wa dakika mbili na haugharimu senti.

Akikuta ni diski ya kuzunguka, na tarehe ya mwisho ni ya zamani, sababu mara nyingi ni kwamba mashine huzimwa mara tu kazi inapokwisha, hivyo ratiba ya wiki haipati nafasi. Aiache ikiwaka jioni moja, abonyeze kitufe cha kuipanga, akalale. Akikuta imepangwa wiki iliyopita na bado mashine ni nzito, basi ugonjwa uko kwingine, na hakuna programu ya kupanga diski itakayoutibu, iwe ya bure au ya kulipia.

Hofu nayo inauzwa

Ugonjwa ukiwa kwingine, ndipo hatari inapoanza. Mashine nzito humtia mwenyewe wasiwasi, na wasiwasi una soko lake. Nchini Marekani, mwezi Machi 2019, kampuni ya maduka ya Office Depot na mshirika wake Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo. Tume ilidai kuwa wateja walipelekwa kwenye programu ya kupima afya ya kompyuta ambayo ilitoa majibu ya kuogofya, kisha wakauziwa matengenezo. Ikiwa hayo yalidaiwa katika nchi yenye wakaguzi wakali na maduka yenye majina makubwa, mnunuzi wa mtaani ambaye programu imempima bila kuombwa ana kila sababu ya kuitilia shaka.

Hata vya bure havikosi mitego. Mwaka 2017 wahalifu walipenya kwenye utengenezaji wa CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta ya kampuni ile ile ya Piriform, na toleo lenye virusi likafika kwenye mashine zipatazo milioni 2.27 kabla ya kugunduliwa. Waathirika hawakuwa wazembe. Walipakua programu inayojulikana kutoka mahali panapojulikana. Fundisho lake ni kwamba kila programu ya ziada inayoingizwa kwenye mashine ya hesabu ni mlango mmoja zaidi, na mlango usio na kazi ni bora usifunguliwe.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni diski inayokufa. Diski ya kuzunguka iliyochoka huwa nzito kwa sababu inasoma sehemu moja mara nyingi kabla ya kufaulu. Dalili zake humfanya mwenye mashine adhani imevurugika tu. Akiiamuru ipangwe, anailazimisha isome na kuandika upya mafaili mengi kwa saa kadhaa mfululizo, jambo ambalo diski mgonjwa inaweza isilimalize. Aliyetaka kuokoa dakika tano za asubuhi anaweza kupoteza majina ya wadeni wote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililomo ndani ya diski moja, bila nakala, liko katika hatari hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo mpangilio sahihi wa kazi ni nakala kwanza, uchunguzi wa diski pili, kupanga tatu. Uchunguzi unaweza kufanywa kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa ambazo diski hujiandikia yenyewe. Rangi ya buluu ni salama, njano ni onyo, na nyekundu ni kusema diski inunuliwe leo. Fundi anayeanza na kupanga kabla ya kuuliza nakala iko wapi hastahili kukabidhiwa mashine.

Fedha iende wapi

Anayeuza leseni atauliza: ikiwa fedha isitumike kwa programu, itumike kwa nini? Jibu linategemea kile ambacho uchunguzi umeonyesha, na si gumu.

Asiye na nakala ya hesabu zake anunue diski ya nje kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo si ya kuongeza kasi, ni ya kulinda mtaji.

Mwenye nakala tayari, lakini mashine yake ina diski ya kuzunguka, aulize bei ya SSD ndogo na gharama ya fundi kuhamisha mafaili yake. Aiweke hesabu hiyo karibu na bei ya leseni ya programu, hasa ile ambayo hulipiwa tena kila mwaka. Programu ikifanya kazi vizuri kabisa hupunguza mwendo wa kichwa cha diski. SSD huondoa kichwa chenyewe. Milisekunde 13 kushuka hadi sehemu moja ya kumi ya milisekunde ni nafuu ambayo hakuna upangaji wowote unaoweza kuifikia.

Mwenye SSD ambayo mashine yake bado ni nzito aangalie nafasi na kumbukumbu. Diski iliyojaa hadi juu huchelewesha kila kitu, na programu ya kupanga ya Windows XP ilitaka angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi ili ifanye kazi yake sawasawa. Kanuni hiyo bado ni kipimo kizuri cha nyumbani. Kufuta filamu zilizokwisha kutazamwa hakuna gharama.

Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba anaweza kulimaliza jambo hili pale pale dukani. Aombe mashine iwashwe, aandike dfrgui, asome aina ya diski kwa macho yake. Maneno "ina kasi sana" hayatoshi. Ikiwa ni ya kuzunguka, bei ishuke kwa kiasi cha SSD atakayolazimika kuinunua. Asipofanya hivyo ananunua mbuzi kwenye gunia.

Somo kwa wenye mitaji

Kwa wanaofikiria kuuza leseni hizi, au kufungua duka la huduma ambalo mapato yake yanategemea kupanga diski, takwimu za dunia zinatosha kuwaonya. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha diski za kuzunguka kama milioni 650. Kufikia mwaka 2020 zilikuwa zimeshuka hadi kama milioni 260, wakati SSD zilifika kama milioni 333. Diski za kuzunguka hazijafa, kwani bado zina nafasi kwenye hifadhi kubwa za data ambako wingi wa nafasi kwa bei ndogo ndio unaotafutwa. Katika kompyuta ya nyumbani zinaondoka. Dawa ya ugonjwa unaotoweka si bidhaa ya kuwekea akiba kwenye rafu.

Haina maana kwamba fundi hana riziki. Kuhamisha mafaili ya mteja kutoka diski kuukuu hadi SSD bila kupoteza hata risiti moja, kumwekea utaratibu wa nakala za kila wiki, kutoa vumbi kwenye mashine na kumwonyesha mwenyewe jinsi ya kuikagua, hizo ni kazi za kweli na zinastahili malipo ya kweli. Mteja aliyehudumiwa hivyo hurudi na kuleta wenzake. Aliyeuziwa leseni asiyoihitaji hurudi mara moja tu, kulalamika.

Soko huria linampa mnunuzi uhuru wa kuchagua, lakini halimwambii ni wakati gani asinunue. Kwa programu za kupanga diski, wengi wa wenye kompyuta ya nyumbani wako katika wakati huo. Dakika mbili za kutazama mashine zitawaonyesha, na fedha itakayobaki mfukoni ikanunue nakala ya daftari.